Mwisho wa Wimbo wa Mama Faida

Nakumbuka siku ile vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Na kwa kuwa ndoa yenyewe haikudumu, labda si haki kuzilinganisha. Ilikuwa mwaka 2016, hapa Johannesburg, chumbani kwangu Yeoville. Nilikaa mezani nikatunga mistari minne, nikainakili kwa mwandiko safi, kisha nikasema ni ya mtu mwingine. Miaka mitatu nilikana. Leo nakiri, mwanangu: mwisho wa wimbo wa Mama Faida niliutunga mimi.

Usinitetee kwa kusema ni ujana. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja na shahada mbili, na mtu wa umri huo akifanya upumbavu huwa ameufikiria kwanza.

Mistari hiyo nilimpelekea Mzee Nirmal. Alikuwa Mbengali, mshairi na mkusanyaji wa nyimbo za vijijini, miaka themanini na ushee. Alipofiwa na mkewe, mwanawe mwenye duka la vitambaa Fordsburg alimleta huku. Kwao alikuwa na vitabu vinne vya mashairi. Huku alikuwa baba wa mwenye duka, na wateja walimwuliza bei ya mapazia.

Nilimkuta pale dukani nikitafuta kitambaa cha shuka. Aliposikia kwamba kwetu ni Morogoro, aliniuliza wanawake wa huko huimba nini wakitwanga. Mwanangu, nilikuwa nimeishi mji huu miaka sita, na watu walikuwa wameniuliza kibali changu kinaisha lini, na kwa nini sirudi kwetu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali ambalo nilitamani kulijibu. Tangu siku hiyo kila Alhamisi nilikwenda kunywa naye chai ya maziwa. Mimi nilitafuta nyimbo za Kiswahili na kumtafsiria kwa Kiingereza, yeye akazipeleka kwenye Kibengali chake.

Mama yake Mzee alikuwa akikoboa mpunga kwa kinu cha gogo refu linalokanyagwa kwa mguu, na akikanyaga aliimba. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao mtoto hakuwahi kuusikia hadi mwisho, kwa sababu mama alinyamaza kila mkwewe alipoingia uani. Nirmal alikuwa na miaka tisa mama alipofariki, na mwisho wa wimbo ukaenda naye. Hilo ndilo lililomfanya mshairi. Baadaye likamtoa hata katika kazi ya ualimu, akatembea kijiji hadi kijiji miaka arobaini akiandika nyimbo za wanawake.

Alikuwa na sharti moja. Mwimbaji akisahau, yeye hamalizii. Aliacha nafasi tupu kwenye ukurasa na chini yake akaandika, “Hapa alinyamaza.” Wasomi wa kwao walimcheka wakisema anauza karatasi nyeupe. Hakubadilika.

Sasa Mama Faida. Huyu ni msusi, mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, na saluni anayosukia iko mtaani kwetu. Mimi huniita yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa. Aliniimbia wimbo wa kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, akafika katikati akakwama.

“Yaya, ya mwisho ilishanipotea. Bibi ndiye alikuwa anaiimba, miye nilikuwa mutoto. Andika tu ile yenye nimekupa.”

Ningeandika hiyo tu, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini nilitaka Mzee afurahi, na zaidi ya hapo nilitaka nisifiwe. Nikaongeza:

*Mchi umechoka, mama,*
*kinu kimejaa giza;*
*aliyekwenda hakurudi,*
*sahani yake naifunika.*

Mzee alivua miwani. “Aliimba hivi yeye mwenyewe?”

“Ndiyo.”

“Hadi mwisho?”

“Hadi mwisho, Mzee.”

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na Mzee aliitembea pamoja nami akinishika mkono. Aliniuliza tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine, si kwa kushuku. Alipenda tu kusikia jibu. Kisha mwaka huu wa 2019, akikamilisha kitabu anachojua ni cha mwisho, aliandika sura nzima kuhusu mistari ile. Alisema mwisho wa wimbo wa mama yake, alioutafuta tangu utotoni, ameusikia kwa mwanamke wa Uvira. Mchapaji wa kwao alikuwa tayari. Lilibaki jambo moja, ambalo Mzee hakuwahi kuliruka: kumsomea mwimbaji wimbo wake kabla haujachapwa.

Nilimtangulia saluni mbio.

“Mama Faida, atakuja mzee mmoja anayeamini mwisho wa wimbo wako ndio wa marehemu mama yake. Akikusomea, useme tu ndiyo.”

“Ndiyo ya nini? Soma nisikie.”

Nikasoma. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa akisukwa akacheka naye bila kujua sababu.

“Eish, yaya! Sahani? Kwetu tulikuwa tunakula wote mu sinia moja. Sahani ya mutu mumoja, yenye kufunikwa, hiyo ni ya mutu mwenye anaishi peke yake. Ni yako hiyo.”

“Si yangu.”

“Basi ni ya nani? Ni miye, na watoto watano mu nyumba, naishi peke yangu?” Akaacha kucheka, akaukaza msuko uliokuwa mkononi. “Mzee wa watu, umemupa mama wa uongo. Miye siwezi kumwambia ndiyo.”

Nilirudi nyumbani nikamwandikia Mzee barua ya kukiri yote, maana uso wake nisingeuweza. Nilimkabidhi mwanawe dukani, nikaondoka kabla hajaniuliza kama nahitaji mapazia. Siku mbili simu yangu ilikaa kimya, na chumba changu kikawa kipana kupita kodi ninayolipa.

Nikupe nasaha sasa hivi, mwanangu, kwa sababu baada ya simu iliyokuja sina la kuongeza. Mtu akinyamaza, uache unyamavu wake. Usimtilie maneno kinywani, hata kama yako ni mazuri zaidi. Hasa yakiwa mazuri zaidi. Na upweke wako useme kwa jina lako, usiuvalishe kanga ya mwanamke mwingine, maana nguo ya kuazima haisitiri matako. Mungu akujalie watu wa kukusikiliza, na akupe moyo wa kuwaambia kweli wangali wazima.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mzee akapiga.

“Nimeiondoa sura ile,” alisema. “Yote.”

“Nisamehe, Mzee.”

Nilisikia mkasi ukikata kitambaa nyuma yake, na mtu akiuliza mita ni bei gani.

“Miaka mitatu niliamini nimempata mama,” alisema. “Jana nilikaa kutwa nzima nikijaribu kukukasirikia, kama inavyostahili. Lakini katika mji huu wote, namba ninayoijua kwa kichwa ni yako peke yake.”