Siku Maharage Yalipogoma Kuiva

Harufu ya maharage yanayoanza kushika chini ya sufuria siichanganyi na nyingine yoyote. Juzi nilikuwa Kahama, kwenye nyumba ya wageni ambayo chumba changu kimepakana na jiko, ikanifuata dirishani: mkaa, kitunguu, tui, na ule uchungu mdogo wa kitu kinachotaka kuungua. Nimelala nyumba nyingi za wageni, wenzangu, maana miguu yangu haijui kutulia mji mmoja. Lakini harufu ile kila inaponikuta hunikalisha chini. Nakuwa tena mtoto wa darasa la tatu, nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi uani kwetu Mtoni, na sina ruhusa ya kuinuka.

Mwaka ule Baba alikuwa amepunguzwa kiwandani. Neno lilikuwa jipya mtaani, na sie watoto tulidhani ni ugonjwa, kwa sababu kila aliyepunguzwa alikonda kweli. Hali ilipokuwa hivyo akaja Shangazi Mwanahawa, dada yake Baba, kutoka Lindi. Alikuja na ule mfuko mkubwa wa mistari ambao watu wanauita shangazi kaja, na kwetu jina lilikuwa limepatia. Shangazi hakujaliwa mtoto. Jioni ya kwanza tu, huku akimega ugali, alisema kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe maji kwamba atarudi na Somoe, akaishi kwake. Somoe ni mimi. Baba alikubali kabla hajameza tonge. Mama aliendelea kula. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wa shangazi vilevile, na mke hamkatalii wifi yake mbele ya mumewe.

Nami nilitaka kwenda, tena sana. Nilikuwa sijawahi kuvuka hata Mbagala. Shangazi alinisimulia mikorosho, mabibo yanayookotwa bure, na kivuko cha Rufiji ambacho magari hupanda juu ya maji kama abiria. Nilikuwa nikilala na viatu vyangu chini ya mto, visije vikasahauliwa.

Basi la kusini lingepita Barabara ya Kilwa kabla ya adhuhuri. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika, na kila mtu alijua kwamba mvua zikishika, njia ile hufungwa kwa tope mpaka msimu uishe. Asiyeondoka na basi lile alikuwa haondoki.

Asubuhi hiyo Mama alisema atatupikia maharage ya njiani. Kwetu maharage ya safari hupondwa kwa mwiko, kisha hukaangwa kwa kitunguu na tui zito mpaka yakauke na kuachana na sufuria. Hivyo hayachachi upesi, hata basi likilala porini. Akayaosha, akayatia maji, kisha akaniita.

"Bandika wewe, ni safari yako."

Nikabandika sufuria jikoni kwa fahari kubwa. Mama akachota chumvi kwa kiganja, akaitia yote ndani, akafunika.

Nilishangaa. Chumvi mwisho, ndivyo alivyonifundisha mwenyewe tangu nilipoanza kushika mwiko. Ukiitia mapema maharage yanakuwa kokoto. Nikajua kichwa chake hakipo. Nilitaka kumwambia, lakini Shangazi alikuwa pale mlangoni akisuka nywele zake, nami sikupenda Mama aaibike mbele ya wifi yake. Nikapepea moto.

Sasa, kulikuwa na sharti. Bibi mzaa Baba, aliyekuwa ameshafariki, aliwaachia wanawake wote wa nyumba yake sharti moja la maharage: aliyebandika ndiye huepua, na katikati hapo hatoki kizingitini. Akitoka, maharage yananuna na hayaivi tena. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi, na Shangazi ndiye aliyelipenda kuliko wote. Siku mbili tatu kabla alinicheka kwa kuchungulia tu barabarani wakati njegere zinachemka, akasema hata njegere zina masikio.

Kwa hiyo nilikaa. Jua lilipanda ukutani. Moshi ulinifuata kila upande niliohamia, hata nikaamini unanitafuta. Nje ya uzio wa mabati wenzangu walikuwa wakicheza rede, nikasikia mpira ukigonga bati na mtu akiniita jina, kisha wakachoka kuniita. Uani kwetu palikuwa padogo, lakini asubuhi ile paliendelea kusinyaa. Kila nilipofunua mfuniko maharage yalikuwa yananitazama, mekundu, mang'aavu, magumu kama shanga.

Shangazi akaja akaibinya punje moja kwa vidole. Haikubonyea.

"Wifi, haya ya mwaka gani?"

"Ya sokoni tu, wifi yangu. Labda ya zamani."

"Tia magadi basi."

"Yameisha."

"Somoe, kimbia dukani."

Mama hakuinua uso kutoka kwenye nazi aliyokuwa akikamua. "Somoe ndiye kabandika," akasema.

 Shangazi akavaa kandambili akaenda mwenyewe. Alirudi mikono mitupu, akilalamika kwamba Dar nzima siku hizi wanauza pipi na betri, magadi hawana.

Baba, aliyekuwa barabarani kushika nafasi, akaja mbio, shati limelowa mgongoni. "Gari limefika Mtongani, jamani. Mtoto yuko wapi?"

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa viatu tayari. Nikawatazama wote watatu, na nakumbuka mguu wangu mmoja ukielekea mlangoni bila kuniuliza.

"Tuyaache," Shangazi akasema. "Tutakula njiani."

"Marehemu mama yako mwenyewe ndiye aliyetuachia sharti, wifi," Mama akasema taratibu. "Mie si wa kulivunja. Ukiona wewe linavunjika, mchukue."

Baba akasema mambo ya maharage ni ya kike, waamue haraka. Shangazi akainama juu ya sufuria. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akakilamba. Akamwangalia Mama, nami nikaona Mama naye akimwangalia bila kupepesa. Nilidhani sasa atamcheka.

"Wifi," akasema mwishowe, "wewe ni mpishi."

Akanibusu utosini, akabeba shangazi kaja, akatoka. Muda mfupi baadaye nikasikia honi ya basi ikivuta kuelekea Mbagala, ndefu, ikipungua, mpaka ikabaki sauti ya mpira kwenye bati. Nililia juu ya sufuria ile hadi Mama akaniambia basi, maji yanatosha.

Yaliiva baada ya alasiri. Tuliyaponda, akayakaanga, mimi nikala nikiwa nimenuna kuliko maharage yenyewe. Mama hakula. Alikaa ananitazama nikitafuna, na mvua ya kwanza ikaanza kugonga bati.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama siku Mama aliposahau kupika, na watu walicheka. Nilimaliza sekondari, nikapata kibarua Mwanza, nikamwambia naondoka. Hakubisha. Jioni aliyaloweka maharage kwenye beseni, na alfajiri akaniamsha nibandike. Nikapepea moto yeye akikuna nazi pembeni. Yalipolainika ndipo akachukua chumvi, akaninyooshea kiganja nione ni kiasi gani, akaitia.

Nilikitazama kiganja kile, nikakikumbuka cha siku ile ya Shangazi. Nikamtazama usoni. Akageuka kutafuta mfuniko ambao alikuwa ameushika.

"Epua," akasema. "Gari la Ubungo halisubiri mtu."

Hakuna maharage yaliyowahi kuiva upesi vile nyumbani kwetu. Nilisimama na vitambaa vya kuepulia mkononi, mlango wa uani uko wazi, nikiomba hata punje moja iwe bado ngumu.