Bibi Alipokingoja Kilimia

Harufu ya majivu makavu hunirudisha kijijini kwetu Nyamigogo hata leo. Bibi, mama yake baba, alihifadhi mbegu za mtama kwenye kibuyu, kazichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Alizirithi kwa mama yake, na pale kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Msinicheke, lakini siku zile nilijiona mtu mkubwa. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtazamia Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizobanana. Kikionekana kinachomoza mashariki wakati wa chakula cha jioni, mtama ulipandwa kesho yake.

Mwaka ule tulikuwa tumehamishwa kutoka mlimani, tukashushwa bondeni kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wa paredi. Bibi alinung'unika wiki nzima. Kisha akaweka kigoda chake uani, akaelekea mashariki kama alivyozoea.

"Kimetoka?" aliniuliza kila jioni, tonge bado mkononi.

"Bado, Bibi."

Majirani wakapanda. Mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi. Mvua ndiyo hii, unangoja nini tena?"

"Marahaba. Namngoja mwenye kazi yake," alimjibu, akaendelea kupepeta maharage. Nilicheka, nikaona amemkomesha kweli kweli.

Kilipotokea hatimaye, juu ya kilima kilichotukabili upande wa mashariki, tulikuwa tumechelewa zaidi ya wiki mbili. Bibi akapanda kibuyu chote. Mtama ulifika kwenye vifundo vya miguu, jua la Januari likaukuta ungali mchanga, ukakauka wote. Hatukupata hata punje ya kurudisha kibuyuni. Mwaka uliofuata alipanda mbegu za bwana shamba, siku aliyoambiwa, wala hakuniuliza kitu.

"Kilimia kimetuacha," alisema tu.

Bibi alikuwa ameshazikwa, nami ni mwalimu tayari, nilipopanda jioni moja ya Novemba hadi kwenye mahame yetu kule mlimani tulikohamishwa. Kilimia hicho, chini kabisa kwenye upeo, kimeshatoka. Nikateremka mbio mpaka uani kwetu. Pale palikuwa na kilima tu, nyota hakuna. Kumbe kilikuwa kinatoka siku zake zote, sisi ndio tuliokuwa shimoni. Kilima chenyewe ni mwendo wa nusu saa, na mimi mwenye macho mazima sikukipanda hata mara moja. Niliumia sana. Bibi alikufa akiamini kwamba nyota zake zimemtupa, na aliyemwaminisha hivyo ni mimi, kila jioni, bila kusema uongo hata siku moja.