Picha Isiyo na Mtu

Mtaani walimwita Mama Tabasamu, kwa sababu kwenye kila harusi aliyopiga picha sauti yake ya "Tabasamu!" ilimshinda hata mshereheshaji. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi: kiti cha kuzunguka, pazia jeupe la picha za pasipoti, kioo, na kitana kilichofungwa kamba kisije kikaondoka na wateja. Kazi yake aliipenda. Ila watu walimchosha. Huyu alitaka kitambi kipunguzwe, yule alitaka shangazi aliyefumba macho afumbuliwe.

Siku moja, wakiwa mezani, alimwambia mumewe kwamba ana hamu ya kupiga picha moja ambayo haitakuwa na wa kuilalamikia. Picha ya kilele cha mlima, isiyo na mtu hata mmoja.

Mumewe alikuwa fundi wa friji. Alicheka, akauliza mawe yatapendezaje ukutani, kisha akasema watakwenda wote. Kuhusu baridi mke wake asijali, maana baridi na yeye ni marafiki wa siku nyingi.

Walikwenda wakati wa likizo. Kiongozi wa njia, mwanamke mkimya mwenye mwendo wa polepole, aliwapitisha msituni siku ya kwanza, wakalala kwenye kibanda cha mbao. Asubuhi yake miti ilizidi kuwa mifupi, ikawa vichaka, halafu ikakoma kabisa. Mbele kulibaki mawe, nyasi ngumu na upepo. Upepo huo uliwaingia mikononi mwa nguo na kuwaziba masikio, hata ikabidi waongee kwa ishara. Fundi, na sweta lake moja la kujisifia, alianza kugonganisha meno. Kiongozi akatoa koti la akiba mkobani, akampa. Mama Tabasamu aligeuka pembeni acheke kidogo.

Walipofika chini kidogo ya kilele, mambo yaligoma. Kila alipoisimamisha stendi ya kamera, upepo uliilaza. Alining'iniza mkoba uliojaa mawe katikati ya miguu ya stendi, nayo bado ikawa inayumba kama mlevi. Picha alizojaribu zilitoka zimetikisika zote. Akaanza kukunja vitu vyake, na uso ulikuwa umemshuka.

Hapo mumewe alilala kifudifudi juu ya mawe, akaikumbatia miguu ya stendi kwa mikono yote miwili.

"Haya, piga," alisema.

"Utaganda hapo chini, mume wangu."

"Kuganda nakujua mimi. Piga."

Lakini wingu lilikuwa limekaa juu ya kilele, na Mama Tabasamu hakutaka kupiga wingu. Mume aliuliza kama bado, akajibiwa bado kidogo. Akauliza tena, jibu likawa lilelile. Mwishowe upepo wenyewe ukalisukuma wingu, na mwamba ukajitokeza, mweusi, mkali, jua likiugusa ubavu mmoja. Mama Tabasamu alipiga taratibu, bila kumwomba mtu yeyote ainue kidevu. Alijikuta hana haraka wala njaa. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa.

Sasa picha hiyo iko sebuleni, juu ya televisheni. Mgeni akiisifu, fundi humwonyesha ukuta mtupu chini ya fremu na kumwambia, "Mimi nimelala hapa." Mkewe humwachia aeleze, na kila akisimulia upepo unaongezeka.

Nakala moja Mama Tabasamu alimtumia kiongozi wa njia. Jibu lilikuja kwenye simu asubuhi, akiwa anafungua studio. Kiongozi aliandika kwamba wageni wote humtumia picha zao wameinua mikono kileleni. Hii ndiyo ya kwanza kumwonyesha mahali pake pa kazi.

Mama Tabasamu aliusoma ujumbe mara mbili, akatabasamu, kisha akamkaribisha mteja aliyekuwa tayari ameshika kitana.