Injini ya Wafula

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya pikipiki kule Grogani, Nairobi, miaka ya sitini, niliambiwa kwamba injini huijua sauti ya mwenyewe. Mwenyewe akifa, injini hugoma, wala haitawaka mpaka mtu wa damu yake aiongeleshe. Niliamini. Nilikuwa na cheti cha masomo ya usiku, nimesoma mpaka macho yakawa mekundu kama nyanya, na bado niliamini.

Aliyetusimamia alikuwa Fundi Mkuu, mtu wa Mombasa, mwenye maneno machache na sigara nyingi. Kwake nilikuwa Profesa. "Profesa, hicho cheti chako kinafungua nati namba ngapi?" Nilicheka kuliko wote.

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa namsaidia kupanga injini za mbio. Ndipo akaja Mzee Karani, mtu wa kwetu magharibi, aliyefanya kazi ofisini mjini na kukaa Kangemi. Alikuwa anasukuma pikipiki kuukuu ya silinda moja. Ilikuwa ya Wafula, mwanawe wa pekee, aliyefariki kwa homa. Sote tulimjua Wafula. Jumamosi alishinda gerejini kwetu akizitamani injini za wenzake.

"Mwenyewe alitaka ikimbie," Mzee Karani alisema. "Ifanyeni vile alitaka."

"Na nani ataiendesha, Mzee?"

"Ifanyeni tu."

Mkewe alibaki nyuma kidogo akatunong'oneza. Tangu mazishi mumewe hajalitaja jina la mtoto, hajalia, na chakula anakigusa tu. "Huyu naye nitamzika," alisema. Fundi Mkuu alizima sigara aliyokuwa ndiyo kwanza ameiwasha.

Vijana wa leo huanza na pistoni. Sisi tulipanga kuanzia chini. Kwanza kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na bearing zake, kwa sababu nguvu ukiiongeza juu, huvunja chini. Kisha breki. "Kabla hujaniambia itakimbia na nini," Fundi Mkuu alizoea kusema, "niambie itasimama na nini." Baada ya hapo ndipo tukachonga silinda ipokee pistoni kubwa zaidi, tukakwangua kichwa cha injini ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi. Nairobi iko juu, hewa yake nyepesi, kwa hiyo injini huvumilia kubanwa ambako Mombasa kungeitoboa. Njia za hewa nilizisugua kwa msasa mpaka ningeweza kunyolea ndevu humo. Kila kipande tulikilaza juu ya gunia kwa mpangilio kilivyotoka, na hakuna aliyeruhusiwa kuliruka gunia lile.

Siku ya kuiwasha Mzee Karani alikuja na tai yake shingoni. Nilipiga kiki mpaka goti likawaka moto. Kimya.

"Profesa," Fundi Mkuu aliniuliza taratibu, "watu husemaje, injini ikimkosa mwenyewe?"

Nikamweleza mzee. Alitutazama kama watu waliomkosea. Kisha akaweka mkono juu ya tangi.

"Wafula," alisema. "Wafula mwanangu. Imekwisha. Imekuwa vile ulitaka."

Fundi Mkuu aliinama, akafungua kifuniko kidogo cha platini, zile ncha mbili ambazo huachana ili plagi itoe cheche, akapangusa kwa kitambaa. "Piga sasa."

Ilinguruma hata njiwa wa mtaa mzima wakaruka, na nadhani wengine hawajarudi. Mzee Karani aliketi juu ya tairi akalia, mtu mzima, tai ikilowa.

Pikipiki ile haikuingia mbio zozote. Mkewe alituambia kwamba Jumapili, wakitoka kanisani, mzee huiwasha, huisikiliza, kisha huizima na kwenda mezani.

Nami nimestaafu. Mikono inatetemeka na spana nimewagawia wengine. Mbio tulizoshinda zimenitoka. Yule baba juu ya tairi hajanitoka. Mwaka nilioacha kazi nilikwenda Mombasa kumwamkia Fundi Mkuu, amekuwa kikongwe wa kushikwa mkono.

"Fundi, wanafunzi wangu wote nimewasimulia vile injini ilimtambua yule baba."

"Na wao wakaamini?"

"Wote."

"Injini haina masikio, Profesa. Nilibana karatasi ya sigara kwenye platini, moto usipite. Alipomtaja mwanawe, nikaitoa."