Hodi kwenye Mlango wa Pazia

Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini mjukuu wangu alisomea majengo ya kale Italia, na nikaenda kumtembelea huko huko. Wenzangu hapa Croydon, Landani, wanasema najisifu. Kweli, najisifu.

Kila Jumamosi alinipandisha treni asubuhi kwenda kamji fulani, jioni tunarudi. Vimji vyenyewe vimekaa juu ya vilima, kuta nene, vichochoro vya mawe, ngazi kila kona, nguo zimeanikwa juu kutoka dirisha hili hadi lile. Waliojenga hawakuwa na magoti, wale. Yeye ananionyesha tao, ananionyesha mnara, sijui tajiri gani alizikwa wapi, yote kwa Kiingereza. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila jibu ni Kiingereza. Tangu utotoni. Mama yake alikuwa zamu hospitali, nikamlea mimi, nikamwimbia, wapi. Hilo ndilo lililonikaa rohoni: nikiondoka mimi, Kiswahili kimeondoka nyumbani kwetu.

Basi siku moja jua kali, kiu imenibana, yeye kasimama anapiga picha mlango wa kanisa. Nikaona nyumba, mlango wazi, pazia linapepea. Kwetu Tanga mlango wazi wenye pazia maana yake watu wapo, piga hodi. Nikapiga. Sauti ya mwanamke ikaitika kutoka ndani. Nikapiga tena, ikaitika tena. Nikavua viatu, nikaingia.

Nikamkuta mama mtu mzima kama mimi, yuko mezani anamenya njegere. Akanitazama, akatazama miguu yangu mitupu, akanisukumia kiti. Nikakaa, nikavuta njegere upande wangu, nikaanza kumenya. Ningefanya nini kingine?

Mjukuu akanikuta humo. Aibu ilimjaa usoni. Akaomba radhi kwa Kitaliano mpaka mwenye nyumba akamnyamazisha kwa mkono, akamuuliza jambo. Mjukuu akanigeukia kunifasiria kwa Kiingereza.

"Leo Kiingereza sikijui," nikamwambia. "Sema na bibi yako kwa lugha ya bibi yako."

Akanibembeleza, kwa Kiingereza hicho hicho. Mimi namenya. Mwenye nyumba anangoja. Mtoto wa watu akajikuna shingo.

"Bibi," akasema polepole, "mama huyu anauliza... nyumbani kwako wapi?"

Njegere zilinitoka mkononi.

"Mwambie Tanga," nikasema. "Halafu mwambie Croydon."

Tukaletewa maji, kisha kahawa chungu isiyojua tangawizi, na tukapiga soga vikongwe wawili, mjukuu katikati anahangaika. Kiswahili chake kilichechemea kama mimi kwenye ngazi zao. Sikumsahihisha hata mara moja. Kwenye treni ya kurudi akaninong'oneza, kwa Kiswahili, kwamba nimetoka na njegere za watu kwenye mtandio. Tukacheka mpaka abiria wakageuka.

Siku hizi ana kazi yake na nyumba yake hapa hapa Landani. Ufunguo wa kwangu anao, hautumii. Husimama nje kwenye korido, akapiga hodi, majirani wote wakasikia. Na mimi, niko nyuma ya mlango pale pale, huchelewa kidogo kuitika, ili apige tena.