Kifaru wa Kukhu na Sabuni ya Unga

Harufu ya sabuni ya unga ikiyeyuka kwenye maji ya vuguvugu huwakumbusha wengine sare za shule. Mimi hunikumbusha kifaru.

Nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Hukusanya beji za kitambaa ambazo askari wa zamani walizishona mabegani wakati wa vita, na nimejifundisha mwenyewe kutenganisha za kweli na za kughushi. Mshono mmoja naweza kuukagua hadi macho yatoe machozi, na asubuhi nikaukagua tena. Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni Afande Opio, sajini mstaafu aliyekuwa jirani yetu Mpumudde, hapa Jinja.

Beji zake alizihifadhi kwenye albamu ya picha za harusi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa moja tu: kichwa cha kifaru mweusi juu ya kitambaa chekundu chenye umbo la yai, alama ya vijana wetu waliopelekwa kupigana Burma. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kunawa mikono kabla ya kuifungua albamu ile. Wala sikuruhusiwa kuigusa beji yenyewe. "Hii kitu haifuliwi," alikuwa akiniambia kila mara. "Vumbi yake, jasho yake, yote iko ndani. Ukifua, umeua."

Mwaka mmoja familia ya mama ilikuwa inajengea upya kaburi la babu kule Mbale. Kukhu, bibi yangu, alitaka jiwe liandikwe kwamba mumewe alipigana Burma. Mjomba Wafula, mwanawe, aliyekuwa mwalimu na mkazi wa Nkoma, hukohuko Mbale, alikataa. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na hakuwahi kumsikia akiitaja vita. Ushahidi pekee ulikuwa beji ya kifaru ambayo Kukhu aliitunza sandukuni. "Beji hata sokoni zinauzwa," mjomba alisema. "Siandiki uongo kwenye saruji." Mama akamwomba Afande Opio aende kuipima.

Tulimkuta Kukhu amevaa gomesi yake ya kanisani. Kiswahili hakukipenda, kwake kilikuwa lugha ya askari waliogonga milango kwa kitako cha bunduki. Lakini alimpa Afande kiti kizuri, akaifunua beji kutoka kwenye leso. Kifaru alikuwa amepauka, wekundu wake umekuwa kama waridi lililokauka.

Afande alitoa taa ndogo ya zambarau, kama ile ya wenye maduka wanayopimia noti bandia. Alitueleza kwamba nyuzi za siku hizi humeta chini ya mwanga ule, na za wakati wa vita hubaki gizani. Tukaingia wote stoo, kati ya magunia ya mahindi. Mjomba akafunga mlango.

Beji ikang'aa samawati kama jicho la paka.

Tulipotoka, mjomba alikuwa anatazama viatu vyake. "Si nilisema?" alimwambia mama kwa sauti ya chini, lakini Kukhu alisikia. Aliketi, akaanza kuikunja leso yake tupu, anaikunjua, anaikunja tena.

Afande alikuwa ameigeuza beji, anainusa.

"Mama, hii kitu unafua?"

"Sasa niiache ichafuke? Ni ya mume wangu! Kila Pasaka nafua."

"Na nini?"

"Na sabuni ya unga. Ile nzuri."

Afande alicheka hadi mabega yakatikisika. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa albamu, akachomoa kifaru wake mwenyewe. "Basi mama, nifulie na hii. Fua kama unavyofua ya mzee."

Nilipiga kelele. Ndiyo, mimi, mtoto mwenye adabu zote. "Afande, hapana! Itakufa!"

"Nyamaza, askari. Leta maji."

Kukhu aliifua kwa vidole viwili, taratibu, kama anaosha uso wa mtoto mchanga. Maji yakawa mekundu. Ilipokauka juani, tulirudi stoo, na kifaru wa Afande aking'aa samawati ileile.

"Umeona, mwalimu?" Afande alimwambia mjomba. "Taa imepima sabuni tu. Sasa tupime kitambaa." Akamwonyesha nyuma ya beji ya babu: chini ya ukingo uliokunjwa, rangi nyekundu ambayo jua halikuwahi kuifikia, na nyuzi za kijani za shati la kijeshi la msituni zilizonaswa kwenye mshono ulioshonwa kwa mkono. Mjomba aliangalia muda mrefu. Halafu akapiga magoti mbele ya mama yake.

Jiwe liliandikwa Burma.

Kwa miaka niliamini nilichojifunza siku ile ni namna ya kupima. Siku moja, beji ya mteja aliyeniomba niipime ikiwa mezani, ndipo nilipoelewa. Kupima sabuni kunahitaji uzi mmoja tu. Unauchomoa nyuma, unaufua, unauweka chini ya taa. Beji inabaki nzima. Afande alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Lakini uzi mmoja Kukhu asingeuona vizuri, kwa macho yake yale. Na alikuwa amekaa pale mbele ya mwanawe, akiikunja leso tupu.