Kibuyu cha Mzee Barnaba

Jirani yangu hapa Kasulu amechimba shimo la kuivishia ndizi nyuma ya jiko lake, na tangu juzi harufu yake inaingia kwangu bila hodi. Wanaoijua wataelewa: tamu, nzito, ina moshi kidogo na udongo uliopata joto. Wengine wakiinusa humeza mate. Mimi hukasirika. Nimemjibu mume wangu ovyo siku tatu mfululizo, na mama mmoja aliyekuja kuomba chumvi ameondoka akidhani amenikosea. Basi acheni niwaambie ninyi, maana nikinyamaza nitapasuka. Ila kama mnangoja msamaha, hapa mmepotea njia.

Nilikuwa na miaka kumi, naishi Kumsenga na mama yangu kwa Bibi, mama yake mzazi. Bibi alikuwa mpika pombe ya ndizi. Ndizi zake zililala shimoni zikifunikwa majani ya mgomba na udongo, kisha alizikamua kwa nyasi, akatia mtama uliokaangwa na kusagwa, na siku ya kunywa watu walimiminika hata kutoka Kitahana. Alikuwa mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Mimi ndiye niliyepeleka vibuyu kwa wageni, na kazi hiyo nilijivunia kuliko hata kushika namba shuleni.

Kwetu pombe ya mgeni haifiki peke yake. Mwenye nyumba huja nayo, hupiga magoti, huvuta kidogo kwenye mrija mbele ya macho ya mgeni, ndipo humkabidhi. Asiyeonja amekutukana, au ana jambo. Bibi alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. "Mgeni anywe na roho yake iko mahali pake," alisema.

Sasa huyo Mzee Barnaba. Alikuja na vita vya pili vya Burundi, vile vilivyojaza kambi za wakimbizi kwetu. Bibi yeye alikuwa amevuka kutoka Burundi zamani, kwenye vita vya kwanza, na mama yangu akiwa mchanga mgongoni. Mzee Barnaba akaoa mjane wa pale kijijini, akapata shamba, na kwa kuwa alijua kuzungumza, miaka si mingi akawa mzee wa baraza, mwamuzi wa kesi za watu. Nilimpenda. Alikuwa na sauti ya upole na fimbo nyeusi, na kila alipotaka kuonyesha kitu aliinyoosha fimbo bila kugeuza kichwa, macho yakitazama pembeni kana kwamba hayamo. Bibi alimsalimu kwa heshima zote, magoti mpaka chini. Mwakeye, mzee. Mwakeye. Miaka mitano.

Ikatokea jirani akang'oa mpaka wa shamba letu na kusogea hatua nane. Baraza likakaa, Mzee Barnaba akainyoosha fimbo yake pale mpaka ulipokuwa, na Bibi akashinda kesi. Desturi ni kwamba aliyeshinda huwapikia wazee pombe ya shukrani. Bibi alifurahi mno siku zile, na mimi nikadhani ni kwa ajili ya shamba. Alichimba shimo mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Siku ilipofika wazee walikaa uani mchana kweupe. Bibi aliwapelekea wengine vibuyu vyao, akaonja kila kimoja kama ipasavyo. Kisha akaniita jikoni akanipa kibuyu kidogo chenye shanga shingoni.

"Hiki cha Mzee Barnaba. Mwambie nimeshaonja. Usisimame njiani."

Nilijua hajaonja, maana nilikuwa pale pale nikipuliza moto. Tena kuonjea jikoni si kuonja. Nikasema moyoni, Bibi amezeeka, amesahau. Nikaenda, nikapiga magoti.

Mzee Barnaba akakitazama kibuyu, akacheka kidogo. "Ewe mwana, bibi yako yuko wapi? Pombe hii imekuja yatima."

Wazee wakacheka. Uso wangu ukawaka moto kwa aibu. Watasema nyumba ya bibi yangu haina adabu! Nikashika mrija, nikaweka mdomoni, nikavuta.

Sikumeza. Nilisikia kishindo cha miguu, kibuyu kikaruka mkononi mwangu na kupasuka, na kidole cha Bibi kikanifika kooni nikatapika mpaka chai ya asubuhi. Akanibana kichwa kwapani, akanimiminia maziwa, akanitapisha tena. Halafu akanizaba kofi ambalo shavu hili bado linalijua.

"Nimekukataza pombe! Una minyoo wewe, unataka kufa?"

Watu walicheka, wakamwambia, mama, mtoto ni mtoto. Mzee Barnaba hakucheka. Alikuwa anaitazama pombe ikizama ardhini, halafu akamtazama Bibi, kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nadhani alimwona. Bibi naye hakuinamisha macho. Mzee akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga. Bibi akaleta jembe, akaukwangua udongo ule wote, akaenda kuuzika mbali.

Mzee Barnaba hakumshtaki. Angeshtaki vipi bila kueleza kwa nini mwanamke amtake roho? Kabla ya mvua akahamia Nyakitonto kwa mwanawe. Bibi hakusema nami wiki nzima, na vibuyu sikubeba tena. Nilimchukia, nawaambia kweli. Aliniaibisha mbele ya wazee kwa kosa la kuwa na adabu aliyonifundisha mwenyewe. Alipokufa nililia, lakini kofi lile nilikuwa bado nalihesabu.

Katika ukoo wetu kuna jambo ambalo mwanamke haambiwi mpaka azae. Bibi alimwambia mama nilipozaliwa mimi. Mama akaniambia nilipojifungua binti yangu, siku ya tatu, nikinywa uji. Katika vita vya kwanza, Bibi alimficha mumewe ndani ya shimo la ndizi, akamfunika majani na udongo kidogo, yeye akajibanza migombani, amemziba mama yangu kwa titi. Wenye silaha walipita. Wangepita moja kwa moja. Lakini pamoja nao alikuwapo jirani, rafiki wa babu, waliyekunywa naye mtungi mmoja. Hakusema neno. Aliinyoosha fimbo yake kuelekea shimoni, macho yakitazama pembeni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee Barnaba alikufa kitandani, ameshiba siku, akaimbiwa na kwaya mbili. Nilikwenda mazikoni Nyakitonto, nikasikiliza akisifiwa kuwa mpatanishi, na udongo sikutupa. Watu wa kanisani kwangu husema mwachie Mungu. Mungu nimemwachia mengi. Hili nalishikilia mwenyewe. Nikimkumbuka mzee yule akicheka, "imekuja yatima," huwa natamani ningekosa adabu siku ile, siku moja tu, nikamkabidhi na kuondoka zangu.

Lakini mimi nimezaa sasa, na najua jinsi miguu inavyokimbia kabla ya akili. Bibi alingoja tangu ujana wake. Alimsujudia mtu yule miaka mitano ili amzoee. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, bado mvuto mmoja wa mrija, na mdomo uliovuta ukawa wangu. Alinipenda kuliko kisasi chake, na nadhani hakuwahi kunisamehe kwa hilo.